Somo: Kuisimamisha runcpf ya MATPOWER pale unapotaka wewe (toleo la 7.0 na 7.1)

MATPOWER ni kifurushi cha MATLAB na Octave cha kukokotoa mitandao ya umeme, na `runcpf` ni amri yake ya mtiririko endelevu (continuation power flow). `runcpf` hupandisha mzigo hatua kwa hatua kutoka hali ya msingi (λ = 0) kuelekea hali lengwa (λ = 1). Usipoiagiza kitu, husimama kwenye NOSE, ile ncha ambako mtandao hauwezi kubeba mzigo zaidi. Kwa upangaji hapo ni mbali mno. Volteji zimeshaporomoka kabla ya kufika.

1. Tazama kwanza vilivyo tayari. `cpf.stop_at` hupokea 'NOSE', 'FULL' (huvuka ncha na kurudi hadi λ = 0) au namba. Angalia hesabu: lengwa likiwa mara 2.5 ya msingi, 0.7 maana yake ni mzigo mara 2.05, si 1.75, kwa sababu λ huzidisha tofauti tu. Nayo `cpf.enforce_v_lims` ikiwa 1, kazi hukoma nodi (bus) yoyote ikigusa VMIN au VMAX yake, yaani vikomo vyake vya chini na juu vya volteji. Ikikutosha, usiandike chochote.

2. Haikutoshi? Unataka nodi za mzigo tu (ziitwazo PQ), au kikomo kisichomo kwenye data. Hifadhi hii kama `simama_v.m`; ni fankisheni ambayo runcpf huiita baada ya kila hatua:

```
function [nx, cx, done, rollback, evnts, cb_data, results] = ...
    simama_v(k, nx, cx, px, done, rollback, evnts, ...
             cb_data, cb_args, results)
if k <= 0 || done.flag || rollback, return, end
vm = min(abs(nx.V(cb_data.pq)));
if vm < cb_args
    done.flag = 1;
    done.msg = sprintf('V %.4f, lambda %.4f', vm, nx.lam);
end
```

Mstari wa `return` ndio wengi huuruka. k, namba ya hatua, ni 0 mwanzoni na hasi mwishoni. `rollback` ikiwaka, hatua hiyo inatupwa, kwa hiyo ukisimama hapo unasimama kwenye nukta isiyokuwepo. `abs` nayo ni lazima: V ni namba changamano.

3. Iunganishe. Hapa kikomo ni 0.95, yaani asilimia 95 ya volteji ya kawaida.

```
mpopt = mpoption('cpf.step', 0.02, 'cpf.adapt_step', 0);
mpopt.cpf.user_callback = struct('fcn', 'simama_v', 'args', 0.95);
r = runcpf(msingi, lengwa, mpopt);
r.cpf.done_msg
```

Soma `done_msg` kila mara. Kazi iliyokatika kwa sababu masahihisho (mizunguko ya hesabu ya kila hatua) hayakutulia ndani ya `pf.nr.max_it` (kawaida 10) nayo huacha mkunjo mfupi, na kwenye grafu hutazitofautisha.

Maswali ya wanachama

*Nimeweka 0.95 lakini nukta ya mwisho ni 0.938. Kosa liko wapi?*
Hakuna kosa. Fankisheni huulizwa baada ya hatua kukamilika, hivyo kikomo huwa kimeshavukwa. Ukiwasha `adapt_step` (ukubwa wa hatua unaojirekebisha), hatua inaweza kufika 0.2 (`cpf.step_max`) na pengo likakua. Punguza hatua, au chukua nukta mbili za mwisho katika `r.cpf.V` na `r.cpf.lam` ukokotoe kati yake kwa mstari mnyoofu. Ya pili ni nafuu, na karibu na kikomo mkunjo bado umenyooka vya kutosha, ila kama kikomo chako kiko jirani na ncha.

*Nataka nodi namba 9001 peke yake katika case300 (mtandao wa mfano wa nodi 300). `nx.V(9001)` inagoma.*
Afadhali imegoma. Ndani, nodi hupangwa upya kuanzia 1, na case9, mfano wa nodi 9, hukuficha tatizo hilo kwa kuwa namba zake zinalingana. Tumia `full(cb_data.mpc_base.order.bus.e2i(9001))` upate namba yake ya ndani.

*Kwa nini orodha ya `cb_data.pq` inabadilika katikati ya kazi?*
Umewasha `cpf.enforce_q_lims`. Jenereta ikifikia kikomo cha Q (reactive power), nodi yake hugeuka PQ na kuingia kwenye orodha. Ukitaka mzigo wa asili tu, chagua nodi kwa safu ya PD (mzigo wa nodi) katika `cb_data.mpc_base.bus`.