Ukituma sarafu za zamani kwa posta, zisicheze ndani

Jamani mnaouziana zile shilingi za East Africa zenye simba, au senti kumi za tundu katikati, tafadhali msizitupe tu kwenye bahasha na kubandika stempu. Sarafu ikicheza ndani inakwaruzana na mwenzake, na makali yake yanatoboa karatasi njiani hadi inadondoka. Kila moja iweke kwenye kifuko chake, ila si plastiki laini ya PVC ile yenye harufu, hiyo ikikaa na sarafu muda mrefu inaiachia utando wa kijani unaonata. Halafu ibane katikati ya vipande viwili vya boksi gumu, zungushia selotepu kwenye boksi, isiguse sarafu kabisa, kisha tikisa sikioni, ukisikia mlio wowote fungua ufunge upya.

Nje usiandike neno sarafu wala pesa. Ila ikienda nje ya Uganda, fomu ya forodha ijaze kwa ukweli. Pale Posta omba rejista, yaani barua inayosajiliwa kwa namba yake, bima pia kama ipo, barua ya kawaida hapana. Piga picha pande zote mbili kabla ya kufunga, na risiti usitupe mpaka mwenzio aseme imefika.