Vile unaweza kuandika wimbo wako wa kantri wa kukataa kupangiwa maisha

Nairobi tunapenda kantri sana lakini wengi tunaimba za wenyewe, tena kwa lafudhi ya Texas, so kama unataka kuandika yako ile ya wabishi, tafuta kitu kimoja ulichokataa. Kimoja tu. Usiniambie "mimi si kama wengine", hiyo kila mtu husema. Yangu ilianza siku mjomba alikuja kwetu Kayole na mashine ya kunyoa kwa mfuko wa karatasi, akaiweka mezani kando ya chai akasema kijana, toa hizo rasta leo kesho nikupeleke kazini. Sikumjibu, nikamaliza chai. Basi vesi ya kwanza ni hiyo, mashine, mfuko, chai inapoa, na neno uhuru halimo popote.

Vesi ya pili sema ilikugharimu nini. Hapa ndio watu huruka na ndio penye utamu wote. Mimi kazi ilienda kwa binamu yangu na mjomba hakunisalimia mpaka Krismasi. Niliweka yote vile ilivyokuwa.

Kwa gitaa, kodi tatu za G, C na D zinatosha. Gumba linagonga uzi wa besi (G ni wa sita, C wa tano, D wa nne) halafu vidole vinashusha nyuzi nyembamba, dum-cha, dum-cha, mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Kiitikio mistari minne, na mimi nilitumia maneno ya mjomba mwenyewe, yanauma kuliko yangu.

Studio watataka kukujazia vitu. Prodyuza mmoja alitaka autotune (ile programu ya kunyoosha sauti) na ngoma za kompyuta, nikachukua gitaa langu nikaenda. Willie Nelson, mwimbaji wa kantri wa Marekani, mwaka 1975 alipeleka albamu yake Red Headed Stranger ikiwa na vyombo vichache sana mpaka wakubwa wa kampuni wakadhani ni demo, yaani rekodi ya majaribio tu, lakini mkataba ulimpa uamuzi, ikatoka hivyo hivyo na ikapendwa sana. Mwenzake Waylon Jennings naye alipigana na kampuni yake hadi akaruhusiwa kurekodi na bendi yake mwenyewe. Hao ndio waliitwa outlaw, yaani wavunja sheria, walitaka tu kazi yao isiguswe.

Kwa hivyo rekodi kwa simu kwanza. Ngoja usiku matatu zipungue, funga dirisha, simu iweke mbali kidogo na tundu la gitaa kwa sababu ukikaribia sana besi inavuma, na uimbe na sauti ile ile unaongea nayo dukani.