Kuongoza Ziara ya Baiskeli kutoka Mnazi Mmoja hadi Magomeni, Hatua kwa Hatua

Hivi karibuni nilimsaidia kijana mmoja wa Buguruni kuandaa ziara yake ya kwanza ya kuwatembeza wageni kwa baiskeli katika mitaa ya Dar es Salaam. Alikuja na daftari lililojaa historia ya kila jengo, lakini hakuwa ameandika hata mstari mmoja kuhusu mahali pa kuvukia barabara. Nami nilianza hivyo hivyo, na nilijuta.

Hatua ya kwanza: Pita njia yako mwenyewe

Ipite njia siku ile ile ya juma na saa ile ile utakayowapeleka wageni. Mimi huchagua Jumapili, na huondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa kuwa Kariakoo ya Jumapili alfajiri na Kariakoo ya Jumamosi adhuhuri ni miji miwili tofauti. Huanzia Mnazi Mmoja, uwanja ambao wakati wa Waingereza uliachwa wazi ili kuitenga Uhindini na makazi ya Waafrika, kisha hupita Mtaa wa Lumumba ilikozaliwa TANU tarehe 7 Julai 1954, huingia Kariakoo, hutokea Fire, huvuka bonde la Jangwani na kumalizia Magomeni. Wakati wa masika usiahidi kufika Magomeni, kwa maana mto Msimbazi ukifurika, barabara ya Jangwani hufungwa na ziara yako huishia hapo.

Hatua ya pili: Chagua baiskeli

Chukua baiskeli za mtumba kutoka Japani, zile zenye kikapu mbele na kifuniko cha mnyororo. Najua wengi hupenda baiskeli za gia zenye matairi mapana, lakini katika mji tambarare kama huu gia ni mzigo wa matengenezo usio na faida, na mgeni anayehangaika kubadilisha gia haoni mtaa anaopita. Beba tyubu nzima mbili badala ya viraka. Kiraka mwachie fundi wa chini ya mwembe.

Hatua ya tatu: Wafundishe kuvuka

Wakati mmoja nilikuwa na wageni wanane, tukafika Fire, Mtaa wa Msimbazi unapokutana na Barabara ya Morogoro, tukiwa tumepangana mmoja nyuma ya mwingine. Nilivuka na watatu. Kabla watano waliobaki hawajaingia barabarani, askari wa usalama barabarani aliruhusu magari ya upande mwingine, jambo ambalo ni la kawaida, kwani asubuhi nyingi mkono wake ndio unaotawala na si taa. Wale watano walisubiri kwa adabu, kisha wakamwona mtu mwenye baiskeli akipita karibu nao bila haraka, wakadhani ni msaidizi wangu, wakamfuata. Alikuwa muuza madafu aliyekuwa akielekea Ilala. Simu zao zilikuwa na laini za kwao zisizopata mtandao, nami nilizunguka kwa muda wa karibu saa tatu hadi nilipowakuta kivulini wakinywa madafu, wakiamini kwamba hicho ndicho kituo cha pili cha ziara. Kosa lilikuwa langu tangu mwanzo hadi mwisho.

Tangu siku hiyo sivuki bila mtu wa pili, ninayemwita mkia, ambaye huvaa kizibao cha rangi kali na hutambulishwa kwa wageni kwa jina na kwa sura kabla hatujapanda baiskeli. Wageni huambiwa wazi kwamba wenye haki ya kufuatwa ni watu wawili tu. Mkia hubeba filimbi, si simu, kwa sababu simu hudai mkono na macho, ilhali filimbi husikika hata katikati ya honi za bodaboda. Mlio mmoja maana yake ni simameni mlipo, na milio miwili maana yake ni kwamba wote wamevuka. Mimi niliye mbele siondoki hadi nisikie miwili.

Tukifika barabarani sote hushuka. Tunajipanga bega kwa bega, si kwa foleni, kwa kuwa baiskeli tisa zilizofuatana ni msururu mrefu ambao gari lolote litaukata, lakini zikivuka kwa pamoja hutumia muda wa mtu mmoja. Hapo ndipo ninapowakumbusha wimbo wetu mfupi: kulia, kulia, kushoto, kushoto. Mabasi ya mwendokasi yana njia zake mbili katikati ya barabara, kwa hiyo magari ya upande wa karibu hutoka kulia, basi la mwendokasi la njia ya karibu hutoka kulia, basi la njia ya pili hutoka kushoto, na magari ya mwisho hutoka kushoto. Mjerumani au Mfaransa hutazama kushoto kwanza kwa mazoea ya kwao, kwa hiyo mweke katikati ya safu na si pembeni. Waingereza hawana tatizo hilo, ila nao husahau njia za katikati, wakidhani kwamba wakishapita magari wamemaliza, na basi la mwendokasi huja kasi kuliko unavyotarajia.

Usiendeshe kamwe ndani ya njia ya mwendokasi, hata ikiwa tupu na dereva wa bajaji anakushauri vinginevyo. Njia ya baiskeli iliyo pembeni itumie, lakini tarajia kukutana na bodaboda ikija kinyume, pamoja na meza ya muuza mihogo. Kundi likikatika licha ya yote hayo, waliobaki hawafuati mtu yeyote; mkia hupiga mlio mmoja, nanyi mliovuka husimama mahali mnapoonekana. Mwisho, usisimulie historia yoyote ukiwa mita hamsini kabla ya kuvuka, kwani msikilizaji mzuri ni mvukaji mbaya.

Hatua ya nne: Vituo

Vitatu vinatosha. Sokoni Kariakoo eleza kwamba jina lilitokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, na uwaonyeshe paa la soko lililobuniwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Cha pili kiwe baraza la nyumba ya Kiswahili, kwa kahawa chungu na kashata, lakini mwenye nyumba awe amekubali tangu siku iliyotangulia, na kamera zibaki mfukoni hadi aulizwe yeye, si wewe. Cha tatu ni Magomeni, kwenye nyumba aliyoishi Mwalimu Nyerere kabla ya Uhuru, ambayo sasa ni makumbusho.

Kati ya kituo cha kwanza na cha tatu utakuwa umetoka Msimbazi kwa Simba na kupita Jangwani kwa Yanga, kwa hiyo usivae nyekundu wala kijani, na kizibao cha mkia kiwe cha rangi ya chungwa, si cha njano.

Hatua ya tano: Kurudi

Rudini kwa njia mliyokuja nayo. Fire mtaivuka tena, na safari hii wageni watakuwa wamechoka, kwa hiyo rudieni wimbo kwa sauti kabla ya kushuka.