Somo: Namna ya kuandika tangazo la biashara ndogo

"Karibuni wateja wetu wapendwa! Tunauza asali halisi, ubora wa hali ya juu, bei nafuu sana. Bei inbox."

Matangazo ya namna hii yamejaa kwenye status za WhatsApp, na huwezi kujua lipi la nani. Tuliandike hili upya, tukichukulia kwamba mwenye biashara anatoa asali Sikonge, Tabora, na kuiuzia Dar es Salaam.

Hatua ya 1: Kabla hujaandika, rudi kwenye meseji za wateja. Nakili maswali yao kama walivyoyaandika wenyewe. Kwa muuza asali haya hayakosekani: Haijachanganywa na sukari? Mbona imeganda? Chupa bei gani? Mpo wapi, mnaleta? Ukiyajibu hayo, tangazo limeshapatikana.

Hatua ya 2: Futa kila sifa ambayo hata mshindani wako anaweza kuiandika. "Ubora wa hali ya juu" ifutwe. Mahali pake sema asali imerinwa wapi na imechujwaje.

Hatua ya 3: Weka bei na kipimo. Hapa nasisitiza sana. Mtu akiona "bei inbox" anahisi atapangiwa bei kwa kuangaliwa sura, basi anapita zake. Kipimo nacho kiwe wazi, maana lita 1 ya asali ina uzito wa karibu kilo 1.4. Mwenzako akiuza kwa kilo na wewe kwa lita, mteja asiyejua ataona wewe ndiye unayelangua.

Hatua ya 4: Mwambie afanye nini. Jambo moja tu.

Tangazo sasa linasomeka hivi:

"Asali mbichi ya Sikonge, Tabora. Imechujwa kwa kitambaa, haijapikwa, haina sukari ya kuongeza. Lita 1 ni 18,000, nusu lita 10,000. Ikiganda usishtuke, ndiyo kawaida yake: iweke kwenye maji ya uvuguvugu, italainika. Tupo Segerea. Agiza kabla ya saa 6 mchana, bodaboda akuletee leo."

Lisome kwa sauti. Sentensi ikikukata pumzi, igawe.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, nikianika bei, si wenzangu watashusha ya kwao?
Jibu: Bei yako wanaijua tayari, ndugu yangu, wanatuma mtu kuuliza. Unayemficha ni mteja peke yake. Kama bei yako iko juu, andika sababu hapohapo.

Swali: Naruhusiwa kuandika kwamba asali yangu inatibu vidonda vya tumbo?
Jibu: Hapana, dada. Usiahidi tiba. Mgonjwa anaweza kuacha dawa kwa sababu ya sentensi yako. Tena ongeza onyo: asali asipewe mtoto aliye chini ya mwaka 1.

Swali: Mimi nauza magauni ya mtumba, kila moja lipo peke yake. Niandike nini?
Jibu: Vipimo. Tandika gauni mezani, pima kifua, kiuno na urefu kwa sentimita, kwa sababu namba ya kwenye lebo hutofautiana kutoka kiwanda hadi kiwanda. Kama kuna doa au zipu inakwama, sema, na picha ya doa iwe ya karibu. Likishauzwa, lifute siku hiyohiyo.