Pochi ya Dharura katika Harusi ya Kihindi: Jinsi Ninavyoipanga

Katika ukoo wetu hapa Ahmedabad, India, binti akiolewa mimi ndiye ninayekabidhiwa pochi. Mapambo na vyakula vina wenyewe. Mimi nashughulikia malipo ambayo hayamo kwenye karatasi ya mtu yeyote, na mengi kati ya hayo wala si ya ghafla. Shangazi anayajua, pandit, yaani kuhani wa Kihindu, anayajua, mwenye bendi ndiye anayeyajua kuliko wote. Baba wa bibi harusi peke yake ndiye huyasikia siku yenyewe.

Kwa hiyo kabla ya kupiga hesabu yoyote, kaa na wazee. Mtafute shangazi mkubwa na mke wa mjomba, wawekee chai, kisha uwaulize sherehe moja baada ya nyingine. Siku ya pithi, anayempaka bibi harusi manjano hupewa nini? Mehndi, yaani hina, je? Usiku wa kucheza garba? Jaan, yaani msafara wa bwana harusi, ikifika mlangoni, nani anasimama kungoja bahasha? Andika kila mkono unaopokea: dakshina, yaani sadaka ya pandit ambayo ni mbali na ada yake, mpiga ngoma ya dhol, mwenye farasi, madereva, wapishi, mwanamke aliyechora mehndi. Shangazi wakibishana kuhusu kiasi, waache wabishane. Hapo ndipo utajua kiwango cha chini na cha juu. Kama uko upande wa bwana harusi, ongeza fedha za kukomboa viatu vya bwana harusi, maana dada na binamu za bibi harusi wataviiba tu, na kikomo chako usimwambie hata ndugu yako wa kuzaliwa.

Orodha hiyo iingie kwenye bajeti ya kawaida. Pochi ya dharura ni fungu jingine, nami huiwekea asilimia 10 hadi 15 ya gharama zote. Harusi ya rupia laki 15, basi, inahitaji kati ya rupia 150,000 na 225,000 zisizoguswa mpaka wiki ya harusi. Akija mtu na wazo la maua zaidi, mwambie pochi hiyo haina maua.

Sehemu kubwa ya fungu hili huliwa na sahani. Wapishi wengi hutoza kwa kila sahani, na mkataba hutaja idadi ambayo utalipia hata wageni wasipofika. Wakizidi, unalipa ziada. Tuseme mmekubaliana sahani 400 kwa rupia 900. Wamekuja 460, kwa sababu kadi iliyoandikwa "na familia" haina mwisho. Halafu kuna bendi, wapiga picha, madereva na watu wa taa, tuseme 35, nao wote wanakula. Sahani 95 za ziada ni rupia 85,500. Ukumbi ukitoza kodi ya GST ya asilimia 18, ongeza 15,390. Laki moja imekwenda kabla hujajua limetokea nini. Dawa yake ni mkataba: andikeni bei ya sahani ya ziada, mkubaliane chakula rahisi cha wafanyakazi kwa bei yake, na bei yoyote unayotajiwa uulize kama kodi imo. Jioni yenyewe mweke kijana mmoja mwaminifu pale sahani safi zinapopangwa. Azihesabu na mtu wa mpishi kabla chakula hakijafunguliwa, kisha wahesabu tena zilizobaki, wote wawili watie saini. Bila saini hiyo, usiku wa manane utahesabiwa hata sahani zilizoanguka jikoni.

Saa nazo zina bei. Jaan ikicheza barabarani saa nzima zaidi, bendi, jenereta na ukumbi vyote vinaendelea kuhesabu. Uliza mapema malipo ya kila saa inayozidi. Kumbuka pia kwamba kanuni za kelele za mwaka 2000 zinakataza vipaza sauti vya nje kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi, kwa hiyo muziki wa kuchelewa usiupangie fedha, upange kuanza mapema. Muhurta, ile saa njema ya kufunga ndoa, hauwasubiri wanaocheza.

Dhahabu hubadilika bei kila siku. Nunua kidogo kidogo, au lipa malipo ya awali kwa sonara anayekubali kufunga bei. Katika hesabu weka ufundi pamoja na GST ya asilimia 3, na kila kipande ukiangalie kama kina alama ya BIS, shirika la viwango la India, na namba yake ya utambulisho, HUID.

Tarehe nayo huamua mengi. Baada ya Dev Uthani Ekadashi, miezi minne ya Chaturmas isiyofungwa harusi inapokwisha, familia nyingi huzigombania siku zile zile njema. Maua na magari hupanda, na noti mpya za rupia 10 na 20 huadimika. Omba noti benki mapema, vinginevyo utauziwa bunda kwa bei inayozidi thamani yake. Mimi hubeba noti ndogo kiunoni, nyingine ziko kwa binamu anayeandamana na jaan, maana kuna za kuzungushwa juu ya kichwa cha bwana harusi kabla hazijapewa wapiga dhol. Fedha kubwa zikae benki: sheria ya kodi inamzuia mtu kupokea taslimu ya laki 2 au zaidi kwa shughuli moja, na UPI, mfumo wa kulipa kwa simu, kwa kawaida ina kikomo cha laki moja kwa siku, kwa hiyo malipo makubwa yatume siku moja kabla.

Upande wa pili ukileta dai la gari au fedha zikiwa zimebaki siku chache, hilo usilitafutie nafasi kwenye pochi. Hiyo ni mahari ya kudaiwa kwa familia ya bibi harusi (dowry), imekatazwa na sheria tangu 1961, na jibu lake ni la wazee, tena kabla ya siku ya harusi.

Bahasha za wageni, zile za 501 na 1,100, usizihesabu kama mapato ya kulipia deni lolote. Ni za maharusi.

Ukumbi ukiwa na amana, upitie pamoja na msimamizi kabla ya mapambo kuanza, piga picha za viti na vioo, na urudie baada ya vidaai, yaani kumuaga bibi harusi, kabla ukoo haujatawanyika. Amana idai papo hapo.