Hita ya gari-nyumba ikigoma kwenye baridi kali: anzia kwenye mtungi, si kwenye hita

Hita ikizimika usiku wa theluji, mara nyingi yenyewe ni nzima. Kilichokwama ni kimojawapo cha vitu inavyovitegemea: gesi haifiki, umeme umepungua, au hewa haipiti. Kwa hiyo usikimbilie bisibisi. Anza mtungini, fuata njia yote mpaka kwenye tundu la moshi, na tatizo huenda ukalikuta njiani.

Maelezo haya yanahusu zaidi magari ya Ulaya yenye hita ya gesi inayopasha hewa na maji kwa pamoja, kama Truma Combi, maana ndiyo utakayoikuta kwenye magari mengi ukikodi au kununua Ujerumani, Austria au Skandinavia. Hita za dizeli na zile za maji ya kuzunguka zimeguswa mwishoni.

Jambo moja kabla ya spana: hita ikifa, usiwashe jiko la kupikia ili kupasha chumba, na usithubutu kuingiza jiko la mkaa. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na ndani ya chumba kidogo kilichofungwa inaua watu wakiwa usingizini. Kengele ya gesi hiyo iwepo na ijaribiwe kabla ya safari. Ikilia, au watu wakianza kuumwa kichwa na kichefuchefu kwa pamoja, zima kila kinachowaka, tokeni nje wote, kisha piga 112, namba ya dharura ya Ulaya.

Sikiliza inapokatikia

Hita nzima ikiwashwa hufuata mpangilio uleule. Feni inaanza na kupuliza kwa muda ili kusafisha chumba cha moto, kisha zinasikika cheche, vali ya gesi inafunguka, na moto unashika kwa mvumo wa chini. Mpangilio unapokatikia ndipo pa kuanzia. Ikiwa kimya kabisa, shuku umeme au fyuzi. Ikiwa feni inazunguka na cheche zipo lakini moto haushiki, shuku gesi. Moto ukishika kisha ukafa, presha ya gesi inashuka, tundu la moshi limezibwa, au volti zinaanguka. Na ikiwaka vizuri halafu ikajizima kwa joto kali huku chumba bado baridi, basi hewa ya moto haina pa kutokea.

Ikishajifunga baada ya kushindwa kuwaka, izime, subiri dakika chache, ndipo ujaribu tena. Majaribio mawili au matatu yanatosha. Kuibonyeza mara kumi mfululizo hakutengenezi kitu.

Gesi: aina yake, kisha mtungi, kisha regyuleta

Gesi ya kupikia tuliyoizoea Afrika Mashariki ni mchanganyiko wa propeni (propane) na buteni (butane), na Mombasa au Dar es Salaam hakuna anayehangaika na uwiano wake. Kwenye theluji uwiano huo ndio kila kitu. Buteni inaacha kugeuka mvuke ikifika karibu na nyuzi 0 za Selsiasi; propeni inaendelea hadi nyuzi 42 chini ya sifuri. Mtungi wa buteni, au mchanganyiko wenye buteni nyingi, ukiutikisa utasikia kimiminika kinacheza ndani, lakini hitani hakifiki kitu. Ndiyo maana mtungi ulionunuliwa Hispania au kusini mwa Italia unaweza kufanya kazi vizuri pwani ukagoma mlimani. Majira ya baridi nunua propeni tupu. Uingereza mitungi ya Calor inatofautishwa kwa rangi: mwekundu ni propeni, wa buluu ni buteni. Wenye tangi la kujazia kwenye vituo vya mafuta wawe waangalifu zaidi, maana gesi ya magari hubadilishwa uwiano kufuata majira na nchi. Ukitoka kusini kwenda kaskazini, choma ile ya kusini kwanza, kisha jaza upya ukishafika kwenye baridi.

Hata propeni ina kikomo chake. Inapogeuka mvuke inanyonya joto kutoka kwenye mtungi wenyewe, na mtungi ukiwa umebakiza kidogo, eneo linaloguswa na kimiminika ni dogo, kwa hiyo mvuke unaotoka haukidhi hita inayofanya kazi kwa nguvu zote. Dalili yake: moto unawaka vizuri kwa muda, kisha unafifia. Utaona mstari wa umande au barafu nje ya mtungi wa chuma. Kimiminika kimeishia hapo. Badilisha mtungi kabla haujakauka kabisa, na kamwe usiupashe kwa moto.

Fanya na hesabu. Combi 6 ikiwa imefunguliwa hadi mwisho hula gramu 480 kwa saa, kwa hiyo mtungi wa kilo 11 ni chini ya saa 24 za moto mkubwa. Kwa matumizi ya kawaida kwenye baridi kali, panga siku mbili hadi tatu kwa mtungi. Usikisie uzito kwa kuuinua: chukua mizani ya kupimia mizigo, pima, toa uzito wa mtungi mtupu uliogongwa kwenye chuma chake.

Baada ya kubadilisha mtungi gizani na glavu mkononi, watu husahau kitu kimoja kidogo. Mipira mingi ya gesi yenye presha kubwa ina kinga ya kupasuka, kitufe cha kijani kwenye mwisho wa mpira upande wa mtungi. Ukishafungua mtungi lazima ukibonyeze, la sivyo gesi haipiti. Fungua mtungi polepole. Kama regyuleta ina sensa ya ajali (inayokata gesi gari likigongwa), huenda iliruka ulipokuwa unasukuma mtungi mahali pake. Nayo ina njia yake ya kuirudisha, soma kibandiko kilichopo hapo.

Sasa regyuleta yenyewe. Gesi ikishuka kutoka presha ya mtungini hadi milibari 30 inapoa sana, na unyevu wowote ulio ndani yake unaganda kwenye kitundu chembamba. Nje, kwenye kifuniko, kuna tundu dogo la kupumulia. Theluji au maji ya barabarani yakiganda hapo, regyuleta haiwezi kupima presha sawasawa. Ifute, ilete kwenye joto kwa kitambaa kilicholowekwa maji ya uvuguvugu, ikaushe vizuri. Dawa ya kudumu ni kipasha regyuleta cha volti 12. Truma huuza kimoja kiitwacho EisEx. Angalia pia kibandiko cha presha: magari ya zamani ya Ujerumani yalitumia milibari 50, na regyuleta za aina hizo mbili hazibadilishani.

Njia ya haraka ya kuhukumu: washa jiko. Plati zote zikiwaka kwa moto wa buluu ulio thabiti, huku hita ikijaribu kuwaka, gesi inafika na tatizo lipo mbele zaidi. Moto ukiinama na kuwa mdogo pale hita inapofungua vali yake, rudi kwenye mtungi na regyuleta. Zima jiko mara tu umeona.

Umeme

Hita ya gesi haiwaki bila betri. Pima volti kwenye betri ya ndani (ya chumba, si ya injini) wakati hita inaanza, si ikiwa imetulia, maana betri iliyochoka huonyesha 12.6 ikiwa haina kazi na kuporomoka feni ikianza. Ikishuka karibu na 11, hita nyingi hugoma au hujizima. Betri ya risasi kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri hubaki na karibu nusu ya uwezo wake. Ya lithiamu inatoa umeme kwenye baridi, lakini haipokei chaji ikiwa chini ya sifuri, na hapo ndipo watu hushangaa: jua lipo, paneli ipo, betri haijai. Ikiwa iko kwenye boksi la nje, ihamishie ndani. Kisha kagua fyuzi na maungio ya nyaya. Kutu kidogo kwenye waya hasi wa betri hula volti nzima bila kuonekana.

Toleo linaloweza kutumia umeme wa kambi ya magari-nyumba, Combi E, lina hatua mbili: wati 900 na wati 1,800. Kwenye volti 230 hiyo ni takriban ampea 4 na ampea 8. Kambi ikikupa ampea 6, hatua ya pili itaangusha swichi, hata kabla hujawasha birika. Weka 900 pamoja na gesi. Umeme peke yake kwenye baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri hautoshi.

Moshi na hewa

Toka nje na tochi. Kofia ya moshi iliyo ubavuni huvuta hewa na kutoa moshi mahali pamoja. Theluji iliyoporomoka kutoka paani au iliyorundikwa na greda la barabara inaiziba kabisa. Chimba pande zote, si tundu tu, moshi usije ukarudi kwenye njia ya hewa. Angalia kama kifuniko cha kuoshea gari kimeachwa juu yake. Na kama juu ya kofia kuna dirisha, huenda lina swichi ya sumaku inayozima hita dirisha likiwa wazi. Barafu ikizuia dirisha kufungika kwa milimita chache, hita inaona liko wazi. Ikwangue, funga, jaribu tena.

Ndani, hewa ya moto inahitaji njia mbili: ya kutoka na ya kurudi. Mifuko na viatu vikirundikwa mbele ya grili ya kabati la hita, inajipasha yenyewe na kujizima. Sensa ya chumba nayo ikiwa karibu na mdomo wa hewa au juu ya jiko itadhani kuna joto la kutosha. Joto jingi hupotelea kwenye kioo cha mbele. Shuka ya kuzuia baridi ikae nje ya kioo, maana ikiwa ndani unyevu unagandia nyuma yake. Matundu ya sakafuni usiyazibe kwa matambara hata kama yanaleta baridi: propeni ni nzito kuliko hewa na hapo ndipo inapotoka nje ikivuja.

Maji yanayomwagika si lazima yawe uharibifu

Vali ya FrostControl, inayokinga boila ya maji isigande, hufunguka yenyewe ikifika karibu na nyuzi 3 na kumwaga maji ya boila chini ya gari. Haitafungika mpaka eneo lake lifike nyuzi 7. Hita inaruhusiwa kuwaka bila maji, kwa hiyo pasha gari kwanza, acha mlango wa kabati lenye vali wazi, kisha uifunge na ujaze.

Dizeli na maji ya kuzunguka

Hita ya dizeli hugoma kwanza kwa sababu ya mafuta. Dizeli ya majira ya baridi inayouzwa Ujerumani kuanzia katikati ya Novemba hadi mwisho wa Februari hustahimili nyuzi 20 chini ya sifuri. Iliyojazwa nchi za joto huanza kutoa nta, na kapilari, kibomba chembamba cha mafuta cha hita, inaziba kabla injini haijaona tatizo. Jaza ukiwa umefika milimani. Tangi likiwa chini ya robo, hita nyingi hukosa mafuta kwa makusudi, ili injini ibaki na ya kuwashia. Plagi ya kuwashia hula ampea 10 hivi, kwa hiyo betri dhaifu inajulikana hapa haraka. Kwenye miinuko kama Livigno, Italia, mita 1,816, hita isiyo na kifaa cha kurekebisha kwa mwinuko hupata hewa kidogo na kujaa masizi. Ukiiendesha kwa moto mdogo kila siku, ipe nguvu zote kwa nusu saa mara moja moja.

Alde na nyinginezo zinazozungusha kulanti (maji yenye dawa ya kuzuia kuganda): radieta ikiwa baridi huku pampu inavuma, kuna hewa ndani. Simamisha gari mahali tambarare, legeza skurubu za kutolea hewa moja moja mpaka kulanti itoke bila mapovu, kisha ongeza kwenye kopo hadi kati ya alama ya chini na ya juu.

Ukishindwa, usifungue vali wala bomba la gesi. Hapo anaitwa fundi mwenye kibali cha gesi. Mpe namba ya kosa iliyo kwenye skrini ya hita, volti ulizopima hita ikianza, aina ya gesi na uzito uliobaki.