Pasheni ya njano inachanua haizai: ipime hivi

Hapa tambarare ya Moshi nilipanda pasheni ya njano miche 20, yote vipandikizi vya mti mmoja wa jirani uliokuwa ukizaa sana. Ikachanua ikapendeza, maua yakapukutika yote. Nikapiga dawa, nikaongeza samadi. Kumbe nilikuwa na mti mmoja uliorudiwa mara 20, na pasheni ya njano haikubali chavua yake yenyewe.

Hatua ya 1. Asubuhi, funika vitumba 10 kwa vifuko vya karatasi. Pasheni ya njano hufunguka mchana.

Hatua ya 2. Ua likishafunguka, ngoja vile vijiti vitatu vya kike vya katikati vijipinde kushuka. Maua 5 yapake chavua ya mti huohuo, funga uzi mwekundu. Matano mengine yapake ya mti wa mbegu kutoka shamba jingine, uzi mweupe. Badilisha kidole! Paka ncha zote tatu, maana kila mbegu hubeba kifuko chake cha maji. Chavua kidogo, mbegu chache, tunda jepesi. Kisha funika tena: chavua ikilowa mvua hupasuka.

Hatua ya 3. Baada ya siku tano, hesabu. Kwangu wekundu ilibaki nyuzi tu kwenye kamba, weupe walishavimba.

Sababu ni jeni iitwayo S, yenye aleli nyingi, yaani matoleo tofauti ya jeni hiyohiyo. Kila mti una mbili, tuseme S1S2. Chavua hubeba alama ya mti ulioitoa. Ncha ya ua ikiitambua kuwa ni yake, inaizuia isiote.

MASWALI

*Shikamoo mwalimu. Nikiotesha mbegu za tunda moja je?*
Marahaba. Bado kuna hatari. S1S2 akizaa na S3S4, watoto ni S1S3, S1S4, S2S3 na S2S4. S1S3 na S2S4 watapatana, ila S1S3 na S1S4 wanaweza kukataana kwa ajili ya S1. Changanya mbegu za mashamba matatu.

*Na kahawa yetu ya Kibosho?*
Arabika hujichavusha, mama, usihofu. Robusta ya Kagera ndiyo hujikataa, tena kwa namna nyingine: kila punje ya chavua hupimwa kwa aleli yake peke yake. Chavua ya S1S2 ikitua kwa S1S3, nusu hupita.

*Nimeshapanda vipandikizi vya mti mmoja. Ning'oe?*
Using'oe, kaka. Chomeka miche ya mbegu katikati ya mistari, na boriti zenye matundu ya wale nyuki weusi wakubwa usizichome. Ndio wachavushaji wako.